Sahihi za Kuzunguka

Tulitaka chuo chetu kiondoe pesa zake kwenye kampuni za makaa ya mawe. Bwenini kila mwanafunzi aliunga mkono, lakini karatasi ya sahihi ilirudi tupu. Nani aandike jina la kwanza, aitwe mchochezi, afukuzwe? Mimi mwenye domo kubwa nilikuwa mwoga kuliko wote.

Ndipo nikakumbuka nyumbani Angurai, watu wameketi kuzunguka chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake, hakuna aliye mbele. Nikachora duara, tukasaini kulizunguka.

Tulimpelekea mkuu wa chuo sote pamoja. Aliizungusha karatasi mara tatu akimtafuta wa kwanza. Kisha akacheka, akaniomba kalamu. Alisaini palipobaki, kando ya jina langu.