Nilivyochechemea Matangani kwa Saidi

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Kondakta wa basi aliponiambia hapa Songea kwamba kuna msiba kwa Saidi, mtani wangu Myao wa Nakapanya, sikuuliza amekufa nani. Saidi alikuwa mgonjwa siku nyingi. Nikamzika kichwani mwangu palepale.

Basi jingine lilikuwa la wiki ijayo, nikapanda baiskeli yangu mpya, matunda ya soko huria. Siku nne za mchanga na milima nilikuwa nalia, huku nikifanyia mazoezi mwendo wake wa kuchechemea. Mtani akifa, sisi Wangoni ndio tunaomwigiza, wafiwa wapate kucheka.

Nilifika vumbi tupu. Sikusalimia mtu. Nikachechemea katikati ya mikeka nikifoka, kama alivyozoea kumfokea mkewe: “Zuhura! Chai yangu iko wapi?”

Hakucheka mtu. Kina mama wakaangua kilio. Mlangoni akatokea Saidi mwenyewe, anachechemea.

“Mtani, mimi nipo. Tumemzika Zuhura.”

Nikapiga magoti kuomba radhi. Akaninyanyua.

“Usiishie hapo, mtani. Mwigize na yeye, alivyokuwa akinijibu.”