Siku Mashine Ilipoupiga Picha Uvivu Wangu

Mie ni mtu wa ndani. Nyumbani kwetu Mbagala nina mkeka wangu na cherehani yangu, na tangu nimalize kidato cha nne sijaona sababu ya kwenda mbali navyo. Kwa hiyo miguu ilipoanza kufa ganzi, nikawa natembea kama mtu anayevuka tope, nani angeniamini? Mama alisema nimezidi kukaa. Jirani yangu, ambaye kabila lake na langu ni watani tangu enzi za mababu, na ana ruhusa ya kunitukana hata msibani, alisema uvivu umeshuka kutoka kichwani, sasa umefika magotini.

Mwaka uliopita jicho moja lilififia, rangi nyekundu nikaiona kama chai ya maziwa, kisha likapona lenyewe. Waliponicheka nikacheka nao. Safari hii nilikuwa nimeanza kuwaamini, na hilo ndilo lililonitisha: labda kweli hakuna kitu, ni mie tu. Daktari wa mishipa ya fahamu alipogonga magoti yangu kwa kinyundo na kuniandikia MRI, kipimo cha mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, niliomba dua ya ajabu: Mola, waone kitu.

Mtani ndiye aliyenisindikiza. "Picha ikitoka safi," akasema, "utanifulia mapazia yangu yote."

Mlangoni fundi wa mashine akauliza, "Dada, una chuma chochote mwilini? Pini, hereni, hirizi?"

"Chuma hana," mtani akadakia, "ana uvivu. Huo mnautoaje?"

Nikavua hereni na pini za ushungi, nikamkabidhi. Akasema nikichelewa anauza.

"Kazi yako moja tu," fundi akaniambia. "Usitikisike. Wengi inawashinda, tunarudia."

Nikaona nimefika kwetu. Mashine ikaanza kugonga, ikanyamaza, kisha ikaja na mdundo wa singeli kabisa, kasoro mwimbaji. Mtaa mzima ungeruka. Mie nimelala. Katikati wakanichoma dawa mkononi, ya kufanya palipovimba karibuni pang'ae kwenye picha. Nimelala. Waliponitoa, fundi anatabasamu: "Dada, leo hakuna aliyetulia kama wewe."

Nikamgeukia mtani. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri kipaji hiki kitambuliwe!

Tulipofuata majibu, daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta. Ubongo wangu huo, wa kijivu, una madoa meupe kama shati lililorukiwa na jiki. Akasema mshipa wa fahamu ni kama waya wa umeme, una ganda lake, na kinga ya mwili wangu yenyewe inalichubua. Haya madoa ni ya zamani, yametulia. Lakini hili la kwenye uti wa mgongo linang'aa, ni jipya, na ndilo linaloisumbua miguu. Ukijumlisha na lile jicho na alivyonipima, ugonjwa ni maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi. Kupona kabisa, hapana. Ila tumeuwahi: kwanza dripu ya kutuliza uvimbe, halafu dawa za kuuzuia usichubue kwingine.

"Kwa hiyo si uvivu?" nikaruka.

"Uvivu haung'ai, dada."

Nilitaka kupiga vigelegele mle ndani. Naambiwa nina ugonjwa wa maisha, nami nashangilia kama niliyeletewa posa! Nikamtazama mtani tushangilie wote. Amekumbatia mkoba wangu, macho chini. Kwenye ngazi akanishika kiwiko, taratibu, kama nimetengenezwa kwa kioo. Kwenye bajaji, kimya. Hapo ndipo moyo ukanipasuka. Mtani akishaanza kukuonea huruma, umekwisha.

"Mtani," nikamwambia, "sema kitu basi. Tusi lolote."

Akaichomoa picha kwenye bahasha, akaiinua kwenye mwanga, akaikagua juu na chini.

"Niseme nini? Ubongo wote huu, na hisabati ukapata sifuri?"

Dereva wa bajaji akacheka, mie nikacheka hadi machozi, yeye akajifuta ya kwake kwa ncha ya khanga akisingizia vumbi.

"Mapazia yako siyafui," nikasema. "Picha haikutoka safi."

Akairudia picha, akaigeuza huku na huku. "Mikono imeng'aa wapi humu? Utafua. Utafua umekaa."