Chumvichumvi kwenye Dafu

Mada ya seli na utando wake naifundisha kidato cha pili kila mwaka, na kusema kweli nimeichoka. Viazi mviringo huku Mtwara vinatoka mbali, kwa hiyo kwenye jaribio tunakata muhogo. Kipande kimoja tunakiweka kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi. Kabla vipindi viwili havijaisha, kile cha chumvi kimelegea kama kitambaa, kwa sababu maji yametoka ndani ya seli kuifuata chumvi iliyo nje. Wanafunzi wanaandika, wanafunga daftari, nami najihesabu nimefundisha.

Mwaka huu mama alikuja kukaa kwangu Likombe msimu wa korosho ulipoisha, naye amechoka kuliko mimi. Siku ya tatu akaanza kuhara. Nikampeleka zahanati, wakampa paketi za chumvichumvi na maelekezo mafupi: paketi moja, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, anywe kidogo kidogo. Nilisikiliza kwa sikio moja. Nani wa kunifundisha mimi hayo? Chumvi na sukari huingia pamoja kwenye seli za utumbo, kupitia mlango usiomfungulia mmoja bila mwenzake, na maji huvifuata. Naweza kuuchora ubaoni nimefumba macho.

Mama alionja mara moja, akasukuma kikombe.

"Mie siyawezi haya. Nikorogee kwenye dafu, mwanangu. Mgonjwa anapewa dafu."

Ni kweli, kwetu mgonjwa hupewa dafu, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Lakini siku hiyo nilikuwa nimetoka shule na vipindi sita, daftari za madarasa mawili zinanisubiri mezani, miguu inawaka moto. Sikutaka ubishi. Nikakata madafu mawili, nikamimina paketi nzima, nikakoroga. Dafu lina sukari na chumvi zake tayari. Ukiongeza paketi juu yake unapata kinywaji kizito mno, ambacho badala ya kuingiza maji kwenye seli kinayavuta yatoke. Nililijua hilo, tena vizuri sana. Ila lilikuwa limekaa na mambo ya shule, na mimi nilikuwa jikoni.

Alikunywa yote, akanishukuru. Nikafurahi, na jioni nikamkorogea tena.

Kulipokucha hakuweza kusimama. Macho yalikuwa yamezama, na nilipomfinya ngozi ya mkono ilibaki imekunjika. Niliogopa kama ambavyo sijapata kuogopa. Jirani akawasha bajaji yake tukamkimbiza hospitali, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu asinichukulie mama yangu kwa sababu ya uchovu wangu.

Wakamtundikia dripu. Adhuhuri ilipokaribia alifumbua macho akauliza kama nimekula. Hapo nikakaa sakafuni.

Baadaye kidogo akaja muuguzi, binti ambaye umri wake hauzidi wa wanafunzi wangu wa zamani, na faili mkononi.

"Jana alikunywa nini?"

"Chumvichumvi," nikasema, nikainuka.

"Mliikoroga na nini?"

Mama akanitangulia.

"Dafu."

Muuguzi akaacha kuandika. "Dafu? Nani kawaambia mkoroge kwenye dafu?"

"Mie," mama alisema, sauti ikimtoka kwa shida. "Mwanangu huyu ni mwalimu wa baiolojia. Alinikataza sana. Mie ndo mkaidi."

Sikuwa nimemkataza hata kwa neno moja. Muuguzi akaanza kumgombeza, kwa adabu lakini kwa kirefu: bibi, ungekufa, bibi, una bahati ya kuwa na mtoto aliyesoma, kwa nini humsikilizi? Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuza shingo. Mama, sindano ya dripu mkononi, alikuwa akiitikia kila sentensi: "Nimekosa, mwanangu. Nisamehe." Nami nilisimama pembeni ya kitanda na elimu yangu yote, nikamwacha aombe msamaha mpaka mwisho.