Wekesa Alipokwama kwenye Ramani

Enzi zetu, sisi watoto wa nyumba za reli hapa Nakuru, hatukuhitaji simu kujua baba yuko wapi. Baba alikuwa gadi wa treni ya mizigo, na kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga honi. Ikisikika kutoka upande wa Njoro, mama aliinua kichwa, akasema, "Hao ni wao," akateleka maji ya ugali. Mimi na mdogo wangu Wekesa tuliacha mpira wetu wa makaratasi, tukakimbia na miguu iliyojaa vumbi kwenda kuhesabu mabehewa ya ngano. Wekesa hakukosea hata behewa moja. Mimi nilikosea kila siku, na mimi ndiye niliyekwenda chuo kikuu kusomea takwimu.

Treni ikichelewa, stesheni ilituma mtu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi: "Mama, injini imekufa Molo. Mzee analala huko, usimwekee chakula." Jirani alicheka kutoka kwake: "Leo utalala bila kukoromewa!" Basi tukala, tukalala.

Sasa Wekesa ni baharia kwenye meli ya mizigo mikavu, zile zinazomwagiwa nafaka au makaa ya mawe tumboni hadi zijae. Binti yangu alinifundisha kuifuata kwenye ramani ya simu, kialama kidogo cha kijani kikitambaa baharini. Nikawa mtaalamu wa ghafla: urefu, upana, tani inazobeba, kina inachozama, bendera ya nchi ambayo nadhani mwenye meli hajawahi kuikanyaga. Niliwachosha watu hadi kanisani.

Kisha kialama kikakwama kusini mwa Madagaska. Nikalaumu simu.

"Dadi, simu iko sawa," binti yangu alisema bila kuondoa macho kwenye yake. "Ni meli ndiyo haitumi signo. Wewe rifreshi tu."

Nimerifreshi wiki baada ya wiki. Wakala aliyemwajiri Wekesa hashiki simu.

Mama anaishi nami hapa mtaa wa Free Area. Kila asubuhi aliniuliza amefika wapi, nami kwa woga nikamsomea vipimo. Mama, hii meli inakaribia viwanja viwili vya mpira, ina kreni nne, kitu kama hicho hakipotei hivi hivi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sijakuuliza ukubwa wake," akasema. "Nimekuuliza mtoto wangu ako wapi."

Vijana wa leo wana dunia nzima kiganjani na wanatuhurumia tuliokua bila hiyo. Sisi tulijua machache sana, lakini kila habari ilikuwa na mtu aliyeibeba, mtu unayeweza kumuuliza swali la pili. Kialama cha kijani hakiulizwi.

Tangu Jumapili mama hajaniuliza. Nikishika simu, ananieleza habari za kuku wake, haraka haraka, kabla sijafungua mdomo.