Kijiko cha Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kamati ya kanuni za lugha ya kompyuta hupiga kijiko mezani mara moja tu, taratibu, kama anayeamsha mtoto, na hakuna kelele inayodumu mbele ya kijiko hicho. Miwani huipandisha kwa kidole kidogo. Sauti yake hushuka kadiri za wengine zinavyopanda. Siku hiyo wataalamu wa kampuni mbili hasimu walishikana mashati kwa maneno. Kila mmoja alitaka kanuni yake, na wasipoelewana lugha ingegawanyika, programu ya huku ikataliwe na mashine za kule. "Haya, wanangu, badilishaneni," akasema mwenyekiti. Ndiyo desturi yake: kila mtu aitetee kanuni ya mpinzani. Bwana mmoja mnene, wa ile kampuni iliyo kubwa zaidi, akaanza kwa kejeli, akakolea, kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mama, hawa watu wametuzidi. Tuchukue yao!"

"Karibu nyumbani, shemeji!" mpinzani akadakia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti akainua kijiko. Akakitumbukiza kwenye chai, akakoroga, akawaacha wacheke.