Niliisoma Kutoka Juu

Mume wangu alisimama mbele ya watu watano akaomba msamaha kwa kosa langu, na mimi nilikuwa nimekaa, nimempakata mtoto, sikufungua mdomo. Nimeanza na hilo ili mtu asije kudhani najitetea. Sijitetei. Nina hasira, na mwenye kustahili hasira hiyo namjua.

Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha magari hapa Forest, mtaa wetu huku Ubelgiji. Kilipofungwa, wakampa pesa ya kuagana. Sisi tunakaa vyumba viwili juu ya fundi wa matairi, mtoto analala kati ya kabati na dirisha, na pesa ile ilikuwa ya chumba cha tatu. Basi. Hatukuwa na ndoto nyingine.

Halafu mwenzake wa kiwandani akamweleza habari ya mfuko mmoja wa kuwekeza. Serikali zinakopa kwa watu, zinatoa hati, hati zinauzwa na kununuliwa kama nyanya. Mfuko huu ulikuwa wa kinyume: bei ya hati za serikali ikishuka, wenyewe unapanda. Mume wangu akaona serikali zote zinazidi kukopa, hati zitajaa sokoni, bei yake itaanguka. Haikuwa akili mbaya. Nalisema hilo leo, wakati ule sikulisema.

Yeye aliacha shule mapema. Mimi nina diploma ya sekondari, upande wa biashara, kwa hiyo kwetu kila karatasi inapita kwangu: ya ofisi ya komini, ya bima, ya daktari. Akaniletea simu jikoni. Nilikuwa naosha makayabu, mikono yote inanuka samaki wa chumvi.

"Maman ya mutoto, niangalilie. Bei ya zamani yote iko hapa. Kama ilikuwa napanda, naingia. Kama ilikuwa nashuka, naacha."

"Leta."

Ilikuwa jedwali refu, mstari kwa kila mwezi, namba tupu. Kioo cha simu kilikuwa kidogo, nikalivuta pembeni kwa kidole cha mwisho, kile kisicho na samaki, mpaka nikapata safu ya bei. Tarehe zikapotelea nje ya kioo. Sikuzifuata. Nikaanza juu, nikashuka.

"Iko napanda," nikasema. "Quarante et un, quarante-deux, quarante-cinq... mpaka chini kabisa, cinquante-six. Muzuri sana." Yaani kutoka arobaini na moja, na mbili, na tano, hadi hamsini na sita.

"Uko na hakika?"

"Weye njo ulisoma commerce ao miye?"

Akacheka. "Pardon, madame le professeur."

Siku mbili baadaye alirudi na simu ileile. Alikuwa anajaza mambo ya kununua. "Maman, juu ya nini hapa banaandika quarante et un? Ulisema imefika cinquante-six."

Sikujua. Ningeweza kusema sijui, neno hilo halina uzito. Lakini nilikuwa nimeshaitwa profesa. Nikamwambia: "Ni kama kubadilisha dola kwetu. Kununua iko na bei yake, kuuza iko na bei yake." Akatikisa kichwa kama mwanafunzi, akaingiza karibu pesa yote.

Ikashuka. Ikashuka wiki hiyo, ikashuka miezi nane, naye anaingoja igeuke, kwa sababu mke wake alikuwa amemwambia huwa inapanda. Alipouza kilichobaki, chumba cha tatu kilikuwa kimekwenda.

Niliyomwambia miezi ile sitayaandika yote. Nilimwita mjinga mbele ya fundi wa matairi. Nilimpigia mama yangu simu, nikaweka sauti ya nje ili na mume wangu asikie: "Mwanaume gani anatupa chumba cha mutoto ku dirisha?" Mara moja tu alijaribu. Akasema taratibu, "Lakini tuliangalia pamoja." Nikamrukia: "Miye niliangalia ya nyuma! Ya mbele njo yako!" Akanyamaza. Ana tabia hiyo ya kunyamaza, nami niliichukua kuwa ni kukiri.

Haikunitosha. Nikamwomba tonton aite kikao. Tonton ni mdogo wa mama mkwe, muuguzi wa zamani pale hospitali kubwa ya Jette, na huku Ubelgiji ndiye mkubwa wa ukoo. Nikataka niende na ushahidi. Nikashuka Chaussée de Wavre, kwenye duka la kutuma pesa ambalo pia linachapisha karatasi, nikachapisha bei zote za nyuma za ule mfuko.

"Maman, hii yote ni namba tu," mwenye duka akasema. "Uko nacheza loto?"

"Bwana yangu njo anacheza."

Tukacheka wote wawili. Nikakunja karatasi bila kuisoma. Ya nini? Hukumu nilikuwa nayo tayari.

Jumamosi tukakaa sebuleni kwa tonton: yeye, tantine mke wake, kaka mkubwa wa mume wangu na mkewe, na papa mmoja, mzee wa kanisani. Mume wangu alivaa shati la ibada. Mimi nikaeleza, na kueleza najua. Nilipofika kwenye siku aliyonunua, nikafungua karatasi niwaonyeshe.

Kwenye karatasi tarehe zilikuwepo. Mstari wa kwanza, juu kabisa, ulikuwa wa mwezi uliopita. Nikadhani nimeishika vibaya. Nikatazama mstari wa mwisho: ulikuwa wa miaka mitatu nyuma. Nikautafuta mwezi aliponunua, nikaweka kidole. Quarante et un. Chini yake, quarante-deux ya mwezi uliotangulia, chini yake quarante-cinq ya nyuma zaidi, na ile cinquante-six iko kule chini, ya zamani kuliko zote. Haikuwahi kupanda. Shuleni daftari la hazina linaanza na jana juu, leo inafuata chini. Hakuna aliyenifundisha kwamba iko karatasi inayoanza na leo.

"Soma basi," tonton akasema. "Tuko nasikiliza."

Nikasema, "Bon, namba ni mingi, zitawachokesha. Munajua tu ilianguka."

"Kunja hiyo kintu," tantine akasema, anafunua ugali mezani. "Bukari iko napola."

Tonton akamgeukia mume wangu. "Mwana ya dada yangu, uko na neno?"

Akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. "Nimekosa," akasema. "Nilitafuta muzuri, ikatoka mubaya. Muniombee musamaha ku bibi yangu."

Kaka yake akadakia: "Mwanaume anauliza bibi yake kwanza!"

Hapo akanitazama. Hakunishtaki, alinitazama tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nikainama nikampangusa mtoto kamasi. Mtoto hakuwa na kamasi.

Kisha nikala.

Wiki tatu niliishi na karatasi ile ndani ya mfuko wa koti la baridi. Yeye alikuwa amepata kazi ya muda kwenye ghala, na tangu kikao akawa mpole kwa namna ya kunichoma. Aliniomba ruhusa ya kununua viatu vya kazi. Aliniomba ruhusa ya kunyoa nywele! Nikamfokea kwa hilo pia, kwamba asiniombe kama mtoto, naye akasema pardon.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, nikaweka karatasi mezani.

"Soma. Anza na tarehe."

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Ilikuwa nashuka."

"Njo."

"Tangu mwanzo."

"Njo," nikaitikia. "Niliisoma kutoka juu."

"Na ile mambo ya dola?"

"Nilibuni. Sikujua, nikabuni."

Nikaona usoni kwake anakuja kunisamehe, kabla hata sijaomba. "Hata miye ningesoma vile," akasema. Angeweza kuishia hapo. Lakini si mjinga, hakuwahi kuwa mjinga. Akauliza: "Ulijua wakati gani?"

Neno "leo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Ku kikao," nikasema. "Mbele usimame, kabla hujasema umekosa."

"Mbele nisimame."

"Njo."

"Donc uliniacha nisimame."

Hakupaza sauti. Akamvalisha mtoto koti, kifungo kwa kifungo, akatoka naye. Walirudi baada ya saa tatu, mtoto ana sukari ya keki ya gofri mashavuni. Mimi nilikuwa nimeshampigia tonton.

"Kikao tena?" tonton aliuliza. "Ametupa na ile ilibakia?"

"Hapana, tonton. Ni miye. Nataka batu balebale, bote."

"Mambo ya nyumba mumalize ku nyumba, mutoto yangu."

"Yeye hakuombea musamaha ku nyumba. Aliombea kwako, amesimama."

"Jumamosi basi. Nitaambia tantine apike."

Nilisimama mahali palepale aliposimama. Nilisema yote, na ya dola, na ya kukunja karatasi. Kaka mkubwa alitazama viatu vyake. Papa wa kanisani alikohoa. Tantine ndiye aliyeuliza.

"Donc siku ile ulikuwa najua, na bukari yangu ulikula?"

"Nilikula, tantine."

"Na ukaongeza."

"Niliongeza."

Nikamwomba mume wangu msamaha, kwa maneno yangu, bila kupitia kwa mtu. Tonton akamgeukia. "Uko na neno?"

Alikuwa anamkatia mtoto nyama vipande vidogo. Akaweka kisu.

"Nimesikia," akasema.

Tukangoja. Tonton alingoja kuliko sisi wote. Hakuongeza. Akachukua kisu, akaendelea kukata.

Kituoni tulisubiri tramu, yeye amembeba mtoto, amesimama mwisho mmoja wa kibanda, mimi na begi mwisho mwingine. Tramu ilipofika alipanda kwanza, akakaa, akamweka mtoto kwenye kiti cha pembeni yake. Nikasimama, nimeshika chuma, mpaka Forest.