Mama Alisema "Nipo Tu"

Karani wa takwimu alipofika kwetu Kyimo alimkuta mama ametoka shambani kukata mkungu wa ndizi, utomvu umemganda mikononi. Akamuuliza anafanya kazi gani. Mama akajibu wanavyojibu wanawake wa kwetu: "Sina kazi, mwanangu, nipo tu nyumbani." Karani akaingiza kwenye simu yake: hana kazi, hauzi kitu. Halafu akala ndizi za mama, akaongezewa, akaenda zake.

Kaka yangu aliyashika maneno yale. "Mama mwenyewe kasema hazalishi," akatuambia. Shamba lile la migomba lilitulisha sote tangu utoto, ila kwa kuwa halikuwa na mnunuzi, kwake lilikuwa pori. Akataka kupanda parachichi za kuuza.

Asubuhi moja nilisikia panga. Nilimkuta kaka amekwisha kulaza nusu ya migomba, anachimbua na mashina yasije yakachipua. Mama alikuwa amekumbatia mgomba mmoja. Kaka akamkamata kanga, akamvuta, mama akaanguka kifudifudi juu ya visiki. Nasema wazi, saa ile nilitaka kumuua. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Alipojitupa kunitoa, panga likanichana mkono kuanzia kiwiko.

Tulishonwa hospitali Tukuyu, chumba kimoja, tukitukanana hadi muuguzi akatishia kutufukuza. Tuliporudi, shamba lote lilikuwa chini. Vibarua wake walikuwa wamemaliza.

Juzi kwenye mkutano wa kata mtaalamu katueleza kwamba uchumi wetu umekua vizuri. Kaka akapiga makofi. Ukue wapi, nikajisemea. Nyuzi za mkono wangu, dawa, bodaboda iliyotukimbiza hospitali, miche ya parachichi: vyote vilinunuliwa, vyote vimo kwenye huko kukua. Ndizi za mama hazikuwahi kuwemo, kwa hiyo kwa hesabu yao hakuna kilichopotea. Nilitoka kabla sijamrukia na yule mtaalamu.

Nyumbani nilimkuta mama kavaa kanga ya msibani. Jirani tunayepakana naye alikuwa amefiwa na mume, na kwetu mwanamke haendi matangani mikono mitupu, anakwenda na mkungu kichwani. Mama alikuwa na chane moja ya sokoni, imeanza kuwa nyeusi. Aliitazama, akaiweka chini, akavua kanga.

"Nenda wewe," akaniambia. "Waambie naumwa."

Hakuwa anaumwa.